Bahari ya Wote, Wimbo wa Mmoja: Uhakiki wa Dhana ya Ukopaji Usiokusudiwa wa Mfuatano wa Kodi katika Utunzi wa Nyimbo

1.0 Utangulizi

Katika fani nyingi za sanaa, kufanana kwa kazi mbili huzua swali la nani alimwiga nani. Katika utunzi wa nyimbo swali hilo ni gumu zaidi, kwa sababu sehemu ya malighafi ya mtunzi imekwishatumiwa na wengine kabla yeye hajaigusa, tena kwa mpangilio uleule. Sehemu hiyo ni mfuatano wa kodi. Neno kodi linatumika hapa kwa maana waliyoizoea wapiga gitaa na kinanda: sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja ili kuyabeba mahadhi. Mtunzi anapopanga kodi nne na kuzizungusha tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, huweza kuamini kwa dhati kwamba amebuni jambo jipya, ilhali mzunguko huo umo katika nyimbo nyingi alizozisikia tangu utotoni.

Uhakiki huu unachunguza namna dhana ya ukopaji usiokusudiwa ilivyotumiwa kuhukumu ufanano wa aina hiyo. Mifano mikuu ni mashauri matatu yaliyoamuliwa mjini New York: la mwaka 1924 lililomhusu Jerome Kern, la mwaka 1976 lililomhusu George Harrison, na la mwaka 2023 lililomhusu Ed Sheeran. Mashauri hayo yamechaguliwa kwa sababu yanaonesha hatua tatu za fikra moja: ufanano wa usindikizaji, ufanano wa mahadhi pamoja na kodi, na hatimaye ufanano uliodaiwa hasa katika kodi na mapigo yake.

Hoja inayotetewa ni kwamba dhana ya ukopaji usiokusudiwa ina mashiko inapohusu mahadhi, lakini hupoteza mashiko inapohamishiwa kwenye mfuatano wa kodi. Sababu ni kuwa dhana hiyo huuliza kilichotokea katika kumbukumbu ya mtunzi kabla ya kuuliza kama kilichochukuliwa kina mwenyewe. Ushairi wa Kiswahili umekuwa na istilahi ya kutofautisha mambo hayo mawili kwa muda mrefu: bahari ni ya washairi wote, shairi ni la aliyelitunga. Tofauti hiyo inatumika hapa kama kigezo cha uhakiki, na mipaka yake inaoneshwa pia.

2.0 Ufinyu wa Njia katika Mfuatano wa Kodi

Kabla ya kumshuku mtunzi yeyote, ni muhimu kujua ana njia ngapi za kupita. Skeli ya kawaida ya meja ina sauti saba, na juu ya kila sauti huweza kujengwa kodi moja. Kodi ya saba haitumiki sana katika nyimbo za kupendwa kwa sababu ya ukakasi wake, hivyo hubaki kodi sita. Tuseme mtunzi anataka mzunguko wa kodi nne, uanze kwa kodi ya kwanza, usirudie kodi moja mara mbili mfululizo, wala usimalizike kwa kodi iliyouanza, kwa kuwa mzunguko utakaporudi mwanzo kodi hiyo itakuwa imerudiwa. Kwa masharti hayo, mizunguko inayowezekana ni 105 tu. Mtunzi akijifunga kwenye kodi tatu zilizozoeleka zaidi, yaani ya kwanza, ya nne na ya tano, mizunguko hushuka hadi sita.

Hesabu hii haikamilishi picha. Mtunzi huweza kubadili urefu wa kila kodi, kuongeza sauti ya saba au ya tisa juu yake, kugeuza sauti ya chini, au kuhamia ufunguo mwingine. Hata hivyo, inatosha kuonesha kwamba ufanano wa mifuatano hauhitaji maelezo ya wizi wala ya kumbukumbu. Nyimbo nyingi za muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, kama zilivyo nyingi za rumba ya Kongo, zimejengwa juu ya zile kodi tatu. Bendi mbili zikikutana katika mzunguko mmoja, ajabu ingekuwa zisikutane.

Jambo hili linathibitishwa pia na aina ya migogoro iliyowahi kutokea. Mjadala wa muda mrefu kuhusu nani alitunga wimbo wa Malaika, ambamo majina ya Fadhili William na Adam Salim yamekuwa yakitajwa, unahusu wimbo wenyewe: maneno na mahadhi yake. Kodi zinazoubeba ni za kawaida kabisa, na haziwezi kumsaidia yeyote kuthibitisha kuwa wimbo ni wake. Wenye kuujadili hawakuhitaji sheria kuwaeleza hivyo.

3.0 Kutoka Dardanella hadi My Sweet Lord

Mwaka 1924, Jaji Learned Hand aliamua shauri la kipande cha besi chenye sauti nane kinachojirudia katika wimbo Dardanella wa mwaka 1919. Ilidaiwa kwamba Jerome Kern alikitumia kipande hicho katika wimbo wake Ka-lu-a wa mwaka 1921. Mahadhi ya nyimbo hizo hayakuwa kiini cha shauri. Kiini kilikuwa usindikizaji. Jaji alikubali kwamba Kern hakunakili kwa makusudi, lakini aliamua kuwa kumbukumbu yake ilikuwa imemchezea, na kwamba kutojua hakuondoi ukiukaji. Fidia iliyotolewa ilikuwa ya kiwango cha chini kabisa kisheria, yaani dola 250. Kiasi hicho kinaonesha kuwa jaji aliona kosa, ila hakuliona kuwa kubwa.

Hukumu hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Lakini ni lazima isomwe kwa uangalifu. Kilicholindwa hakikuwa kodi zilizo chini ya Dardanella, bali mpangilio mahususi wa sauti nane wenye umbo na mwendo wake, unaotambulika hata ukipigwa peke yake. Kipande hicho kilikuwa katika nafasi ya usindikizaji, lakini kwa sifa zake kilikuwa mahadhi. Wasomaji wa baadaye walioichukua hukumu hii kama ushahidi kwamba usindikizaji wowote una mwenyewe waliichukua nafasi ya kipande na kuiacha sifa yake.

Shauri la mwaka 1976 ndilo maarufu zaidi. Wimbo He's So Fine, uliotungwa na Ronnie Mack na kuimbwa na The Chiffons, ulivuma mwaka 1963. My Sweet Lord wa George Harrison ulitoka mwaka 1970. Jaji Richard Owen alizigawa nyimbo zote mbili katika vipashio viwili vifupi. Cha kwanza huteremka so-mi-re. Cha pili hupanda na kuzunguka so-la-do-la-do. Alibainisha kuwa hakuna kipashio kati ya hivyo kilicho kigeni chenyewe, ila kukirudia cha kwanza mara nne na kisha cha pili mara nne ni mpangilio wa pekee sana. Katika My Sweet Lord kipashio cha pili hurudiwa mara tatu, na mahali pa mara ya nne pana kifungu cha mpito. Lakini hata sauti ndogo ya pambo iliyo katika He's So Fine inajitokeza humo. Jaji aliamua kuwa Harrison hakukusudia kunakili. Aliamua pia kuwa fahamu yake iliyojificha iliujua wimbo ambao fahamu yake ya wazi haikuukumbuka, na kwamba huo bado ni ukiukaji wa hakimiliki.

Kwa upande wa mahadhi, uamuzi huo unatetewa na ushahidi wenyewe. Vipashio viwili, kwa utaratibu uleule, kwa idadi inayokaribiana na kwa pambo lilelile, ni vigumu kuviita sadfa, hasa kwa kuwa Harrison hakukana kuwa aliwahi kuusikia He's So Fine. Saikolojia nayo inaunga mkono uwezekano huo. Utafiti wa Brown na Murphy (1989) ulionesha kuwa watu wanaotoa mawazo kwa zamu katika kikundi hutaja baadaye mawazo ya wenzao wakiamini ni yao. Kumbukumbu huhifadhi jambo na kupoteza chanzo chake.

Tatizo lipo katika nafasi iliyopewa upatanifu wa kodi. Jaji Owen alitaja kwamba kodi za nyimbo hizo mbili zinafanana, na ufanano huo ukawekwa pamoja na ule wa mahadhi kana kwamba ni mashahidi wawili wanaojitegemea. Historia ya utunzi iliyoelezwa mbele ya mahakama hiyohiyo inatia shaka hesabu hiyo. Harrison alieleza kwamba wimbo ulianzia Copenhagen, alipojitenga na mkutano wa waandishi wa habari akawa anapiga kodi mbili kwa kupokezana, ya pili iliyo maina na ya tano, huku akizipachika juu yake sifa za Mungu za dini mbili. Kodi zilitangulia, mahadhi yalifuata. Mtunzi aliyeanza na kodi hizo mbili, zilizotumika katika nyimbo zisizohesabika za kanisani na za kupendwa, tayari alikuwa amejiwekea uzio wa sauti ambazo mahadhi yangetua juu yake bila kukwaruzana nazo. Ufanano wa kodi, basi, haukuwa shahidi wa pili dhidi yake. Kwa kiasi fulani ulikuwa maelezo mbadala ya ufanano wa kwanza, na ulipaswa kupunguza uzito wa tuhuma badala ya kuuongeza.

Hii haina maana kwamba Harrison alionewa. Kodi mbili haziwezi peke yake kueleza kwa nini pambo dogo lilirudi mahali palepale. Maana yake ni kwamba hukumu ilifika mahali pa kutetewa ikiwa imebeba hoja moja isiyo na uzito, na hoja hiyo ndiyo iliyoendelea kuishi katika madai ya baadaye.

4.0 Shauri la Mwaka 2023 na Hatari ya Kuimiliki Njia

Warithi wa Ed Townsend, aliyeshirikiana na Marvin Gaye kutunga Let's Get It On wa mwaka 1973, walidai kuwa Ed Sheeran na Amy Wadge waliutumia moyo wa wimbo huo katika Thinking Out Loud wa mwaka 2014. Kiini cha dai kilikuwa mfuatano wa kodi nne pamoja na mapigo yanayozitanguliza baadhi ya kodi kabla ya pigo zinalotarajiwa kuangukia.

Uchambuzi wa kodi hizo unaonesha jinsi tofauti inavyoweza kuwa ndogo. Let's Get It On hupita kodi ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya tano. Katika Thinking Out Loud, mahali pa kodi ya tatu Sheeran alieleza kuwa hupiga kodi ya kwanza iliyogeuzwa, ambayo sauti yake ya chini ni mi. Kwa solfa, ya kwanza ni mi-so-ti na ya pili ni mi-so-do. Besi ni ileile na sauti mbili ni zilezile. Inatofautiana sauti moja. Upande wa wadai uliona katika ukaribu huo dalili ya kuiga. Lakini ukaribu huohuo ni hoja dhidi yao: kama besi inapanda kutoka do kwenda mi, fa na so, kodi zinazofaa kukaa juu ya mi ni hizo mbili, na kila mpiga gitaa hujifunza zote mbili mapema. Sheeran alishika gitaa kizimbani akaonesha jambo hilo kwa kupiga. Tarehe 4 Mei, 2023, jopo la raia lililosikiliza shauri liliamua kuwa wimbo wake ulibuniwa kwa kujitegemea.

Siku chache baadaye, katika shauri jingine juu ya nyimbo hizohizo lililofunguliwa na kampuni iliyonunua sehemu ya haki za Townsend, Jaji Louis Stanton aliamua bila jopo kwamba kuunganisha mfuatano huo na mapigo hayo ni jambo la kawaida mno kulindwa. Mahakama ya rufaa iliukubali uamuzi huo mwezi Novemba 2024. Maamuzi haya mawili hayafanani kwa msingi. Jopo lilijibu swali la kumbukumbu na ubunifu: je, mtunzi alichukua? Jaji Stanton alijibu swali la umiliki: je, kilichodaiwa kinaweza kuchukuliwa? Swali la pili ndilo lililopaswa kutangulia. Lingetangulia, mtunzi asingelazimika kuthibitisha hali ya kumbukumbu yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna binadamu anayeweza kulithibitisha. Sheeran alisema wakati wa shauri kwamba kama angeshindwa angeacha muziki. Kauli hiyo yaweza kuchukuliwa kama ya mtu aliyechoka, lakini inaeleza kwa usahihi kinachotokea pale kila mtunzi anapodaiwa risiti ya kila alichowahi kusikia.

5.0 Bahari kama Kigezo

Nadharia ya Mwingilianomatini, iliyoasisiwa na Julia Kristeva katika miaka ya 1960, ingetarajiwa kutoa jibu. Inaeleza vyema kwamba hakuna matini inayozaliwa peke yake. Hata hivyo, kwa kuwa inaihusisha kila matini na nyingine zote, haiwezi kubainisha ni uhusiano upi unaomdhulumu mtu. Kigezo kinachohitajika ni kile kinachotenga umbo la wote na tungo ya mmoja. Ushairi wa Kiswahili unacho.

Utendi wa Mwana Kupona (1858) na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert zina mpangilio mmoja wa nje: vipande vinne katika ubeti, mizani nane katika kila kipande, na kina cha mwisho kinachoziunganisha beti zote. Utungo wa kwanza ni wasia wa mama kwa binti yake. Wa pili unasimulia vita vilivyoutikisa ulimwengu. Hakuna mhakiki aliyewahi kudai kuwa Shaaban Robert alikopa kutoka kwa Mwana Kupona, kwa kukusudia au bila kukusudia. Dai hilo lisingeeleweka hata kwa anayelipinga, kwa kuwa utenzi ni bahari, na bahari haichotwi ikapungua.

Amri Abeid katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954) aliziweka kanuni za mizani na vina hadharani ili kila atakaye kutunga azitumie. Mgogoro uliofuata miongo miwili baadaye, hasa baada ya Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974), ulihusu kama mshairi ana ruhusa ya kuiacha bahari. Pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja bila kulitamka: kwamba ni ya wote. Katika malumbano, mshairi anayejibu huweza kuvichukua vina na bahari ya aliyemwanza, na hilo huhesabiwa kuwa ustadi na heshima. Pale mishororo yenyewe inapochukuliwa, kama katika takhmisa ambamo mshairi huongeza mishororo mitatu juu ya miwili ya mwenzake, desturi humtaja mwenye miwili. Takhmisa ya Liyongo imebeba jina la Liyongo kwa karne kadhaa.

Mfuatano wa kodi unafanana na bahari kwa mambo matatu. Kwanza, hujulikana kabla ya utungo na hubaki baada yake. Pili, idadi ya maumbo yake yanayofaa ni ndogo, kama ilivyooneshwa katika sehemu ya 2.0. Tatu, hauelezi lolote hadi maneno na mahadhi yaingie ndani yake. Mtunzi anayeuchukua mfuatano bila kujua hajakopa chochote, kama ambavyo anayetunga kwa mizani kumi na sita hajakopa kutoka kwa Muyaka. Katika hali hiyo, suala la kukusudia au kutokusudia halizuki.

6.0 Mipaka ya Mlinganisho

Mlinganisho huu hauwezi kubebeshwa kila kitu. Bahari huhesabiwa kwa mizani, na mizani haina sauti yake yenyewe. Mfuatano wa kodi husikika. Huweza kupangwa kwa ala fulani, kwa mvunjiko fulani wa vidole na kwa mapigo fulani hadi ukatambulika kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Katika muziki wa dansi, gitaa la solo mara nyingi huanza wimbo kwa kipande ambacho wasikilizaji huutambua wimbo kwacho. Kipande hicho kimetoka ndani ya kodi, lakini si kodi tena. Ni mahadhi ya ala, kama kile cha besi cha Dardanella, na anayekichukua amechukua mshororo, si bahari.

Aidha, hoja ya mali ya pamoja huweza kugeuzwa kinga ya mwenye nguvu. Solomon Linda alirekodi Mbube nchini Afrika Kusini mwaka 1939. Mahadhi yake yalizunguka dunia kwa miongo mingi kana kwamba yalikuwa ya kimapokeo na hayana mtunzi, na warithi wake walipata suluhu ya madai yao mwaka 2006, zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo chake. Kodi za Mbube ni za wote. Mahadhi hayakuwa ya wote, na kuyaita hivyo kulikuwa dhuluma. Kwa hiyo, kigezo cha bahari hakina budi kutumika pande zote mbili: kinamlinda anayepita njia ya wote, na kinamzuia anayelitwaa shairi la mtu kwa kuliita bahari.

Kutokana na mjadala huu, maswali matatu yanapaswa kuulizwa kwa utaratibu huu. Je, kilichofanana kinatambulika kikipigwa peke yake bila maneno wala sauti ya mwimbaji? Je, mtunzi alikuwa na njia nyingine zinazofaa katika mtindo huo wa muziki? Iwapo kinatambulika na njia nyingine zilikuwepo, ndipo liulizwe la tatu: je, alikisikia? Mashauri yaliyohakikiwa yalielekea kuanza na swali la mwisho.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa dhana ya ukopaji usiokusudiwa ilizaliwa katika shauri la kipande chenye sifa za mahadhi, ikaimarishwa katika shauri ambamo ufanano wa kodi ulihesabiwa kimakosa kuwa ushahidi wa ziada, na ikafikia kikomo chake pale ilipotakiwa kuulinda mfuatano wa kodi wenyewe. Kwa Afrika Mashariki suala hili si la mbali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 hailindi mawazo, taratibu wala mifumo, lakini sheria haisemi wimbo unaishia wapi na mfumo unaanzia wapi. Mpaka huo utachorwa na wahakiki na mashahidi wataalamu watakaoitwa kuueleza. Wakiuchora kwa kuiga mashauri ya New York bila kuyahakiki, kijana anayetunga kwa kodi tatu atajikuta mdaiwa wa kila aliyemtangulia. Wakiuchora kwa istilahi ambazo ushairi wa Kiswahili umekwishazijaribu, wataweza kumwambia kwamba bahari ni yake pia, na kwamba atakachoulizwa ni shairi.